Kidingapopo: Safari ya Jina na Safari ya Homa katika Bahari ya Hindi

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai 1870 mji wa Unguja ulikuwa haujamaliza matanga ya kipindupindu. Ugonjwa huo, ulioingia kisiwani mwishoni mwa mwaka 1869, ulikuwa umeua maelfu ya watu, mjini na mashambani. Kabla watu hawajapumua, ikazuka homa nyingine. Mtu aliyeamka mzima alikamatwa ghafla na maumivu ya vifundo, na jua lilipotua alikuwa hawezi kusimama wala kukunja vidole. Mwili ulichemka, kisha ngozi ikatoka vipele. Waliokufa walikuwa wachache mno, lakini walioponywa na homa waliendelea kuuguza magoti, viwiko na vifundo vya miguu kwa majuma, na wengine kwa miezi.

Homa hii ilikuwa ngeni kwa vijana, wala haikuwa ngeni kwa wazee. Wao walikuwa na jina lake tayari: kidinga pepo. Walisema kwamba waliwahi kuiona miaka mingi nyuma, katika utawala wa Sayyid Said, na kwamba ilikuja kwa namna ile ile, ikawaangusha watu wote kwa pamoja, kisha ikatoweka.

Mhadhara huu unafuatilia jina hilo kutoka kinywani mwa wazee wa Unguja hadi katika majarida ya utabibu ya Ulaya, visiwa vya Karibi, uwanda wa Makonde, Lamu, na hatimaye katika matangazo ya afya ya Dar es Salaam. Hoja yake ni moja. Jina la ugonjwa ni ushahidi wa kihistoria kama zilivyo hati za forodha na daftari za meli. Kwa hiyo linastahili kuhojiwa kama ushahidi mwingine wowote unavyohojiwa. Likisomwa vizuri, huonyesha njia ambayo ugonjwa umepita. Likisomwa kwa pupa, hupoteza njia hiyo, na ushauri unaotolewa kwa wananchi hupotea pamoja nayo.

2.0 Tabibu na Mashahidi Wake

Aliyeliandika jina hilo ni James Christie, tabibu kutoka Uskochi aliyefanya kazi Unguja na kumhudumia Sultani. Christie anajulikana zaidi kwa kitabu chake juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki, kilichochapishwa London mwaka 1876. Katika kitabu hicho alifuatilia milipuko minne iliyofika Unguja: ule wa 1821, wa 1836–37, wa 1858–59 na wa 1869–70. Alidai kwamba milipuko haikufuata njia moja. Mlipuko wa mwisho, kwa mujibu wa maelezo yake, haukushuka moja kwa moja kwa jahazi kutoka Arabuni kama wengi walivyodhani, bali ulipita bara, ukavuka nchi ya Wamasai pamoja na misafara ya biashara, ukatokea Pangani, na kutoka hapo ukavuka bahari hadi Unguja.

Kwa karne ile, dai la namna hiyo lilihitaji ushahidi ambao haukuwamo katika daftari lolote. Hapakuwa na maabara, na kilomita nyingi za njia hiyo hazikuwa zimekanyagwa na Mzungu yeyote. Aliyejua ni siku ngapi msafara hutembea kutoka kisima hadi kisima, ni wapi watu walianza kufa, na ni mwezi gani, alikuwa mfanyabiashara wa pwani, kirongozi wa msafara, mpagazi na nahodha. Maarifa ya watu hao yalikuwa yakikusanywa wakati huo huo na wengine pia. Mwaka 1870 mmisionari Thomas Wakefield alichapisha katika jarida la chama cha wanajiografia cha London maelezo marefu ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara. Sehemu kubwa ya maelezo hayo alisimuliwa na Sadi bin Ahedi, mtu wa pwani aliyezisafiri njia hizo kwa miguu yake. Ramani za bara zilichorwa kwa masimulizi ya Kiswahili kabla ya kuchorwa kwa vipimo.

Kwa hiyo Christie alipokabiliwa na homa ya 1870 alikwisha kujifunza jambo moja: kuuliza. Mwaka 1872 jarida la British Medical Journal lilichapa maelezo yake juu ya ugonjwa aliouita kwa jina lake la Kiswahili, Kidinga Pepo. Aliandika dalili alizoziona, na pamoja nazo aliandika kumbukumbu za wazee. Kwa kuhesabu umri wao na matukio waliyoyataja, mlipuko wa kwanza waliousimulia uliwekwa karibu na mwaka 1823. Hivyo tarehe moja muhimu katika historia ya magonjwa ya dunia imetokana na mazungumzo barazani.

Kutoka Unguja homa ilisafiri. Ilikuwa imeanza wakati wa kusi, majira ambayo vyombo vya pwani huelekea kaskazini. Mwaka 1871 ilikuwa Aden. Kati ya mwaka huo na 1872 ilisambaa India, na ikafika hadi Java. Madaktari wa India waliipokea kwa jina walilolijua kutoka vitabu vya Karibi: dengue. Hapo ndipo Christie alipoona majina mawili yakitazamana.

3.0 Umbo la Jina

Kabla ya kumfuata Christie katika hatua yake ya pili, ni vema kulitazama neno lenyewe.

Kiambishi *ki-* ni cha kawaida katika majina ya maradhi ya Kiswahili: kifafa, kichocho, kisonono, kichomi, kisukari, kifua kikuu. Aghalabu majina haya hayasemi chanzo cha ugonjwa. Husema ugonjwa unamfanya nini mgonjwa. Kipindupindu ni mfano ulio wazi zaidi. Neno hilo limetokana na kupinduka, na kurudiwa kwa mzizi kunaonyesha wingi na wepesi wa tendo. Anayelisikia kwa mara ya kwanza huona tumbo linalopinduka na mtu anayepinduka pamoja nalo. Kando ya majina haya yapo yaliyopokelewa kutoka Kiarabu, kama vile tauni na waba, ambayo hutaja janga kwa ujumla wake. Mswahili wa karne ya 19 alikuwa na hazina zote mbili: jina la maandishi kwa msiba wa umma, na jina la mwili kwa maumivu ya mtu.

Sehemu ya pili ya jina, *dinga*, Christie aliifasiri kuwa ni kukamatwa kwa ghafla na mkazo wa misuli. Sehemu ya tatu, *pepo*, ndiyo iliyowafanya wasomaji wa Ulaya watabasamu na kuona ushirikina mtupu. Lakini *pepo* katika majina ya maradhi ina kazi yake. Pepopunda, jina la ugonjwa unaokaza taya na kuupinda mgongo, limedumu hadi leo katika hospitali na katika kadi za chanjo, wala muuguzi anayelitamka hahubiri habari za mashetani. Neno hilo lina undugu na upepo, na hutaja kitu kisichoonekana kinachomjia mtu kutoka nje, ghafla, na kuutawala mwili wake. Kwa homa iliyomwangusha mtu kati ya asubuhi na jioni, maelezo hayo ni sahihi kuliko mengi yaliyoandikwa na matabibu wa wakati ule, waliokuwa wakizungumzia hewa mbovu.

Jina halikubaki kama lilivyokuwa. Kamusi za Kiswahili za karne ya 20 zinaliorodhesha kama *kidingapopo*. Pepo amekuwa popo. Yamkini irabu ilivutwa na mazoea ya matamshi, au yamkini wasemaji wa vizazi vilivyofuata, ambao hawakuuona mlipuko wenyewe, walikuwa na neno ambalo maana yake ilikwisha kupotea, wakaliegemeza kwenye neno walilolijua. Mabadiliko ya namna hii hutokea pale ugonjwa unapoondoka na jina likabaki. Kwa sababu hiyo umbo la *kidingapopo* ni kumbukumbu ya aina yake: linaonyesha ukimya mrefu kati ya mlipuko na mlipuko.

4.0 Uzi Uliofunga Mno

Hatua ya pili ya Christie ilikuwa ya ujasiri. Mwaka 1827 homa ya ghafla yenye maumivu ya vifundo ilizuka katika kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, na mwaka 1828 ikaenea visiwani, Havana ikiwamo. Waliozungumza Kiingereza waliiita *dandy*, jina la kijana anayejipamba na kutembea kwa madaha, kwa kuwa wagonjwa walitembea wamekakamaa. Waliozungumza Kihispania waliiita *dengue*, neno lenye maana ya kudeka na kujishaua. Christie aliona kwamba *dinga* na *dengue* vimekaribiana mno kuwa bahati tu. Alipendekeza kwamba homa ya Unguja ya 1823 ilivuka Atlantiki pamoja na watumwa waliotolewa Afrika ya Mashariki, kwamba watumwa hao ndio waliolichukua jina, na kwamba wenyeji wa Karibi walilitafsiri upya kwa maneno ya lugha zao yaliyofanana nalo kwa sauti.

Pendekezo hilo lina uzito ambao haupaswi kudharauliwa. Katika miaka hiyo biashara ya watumwa kutoka pwani ya mashariki kwenda Amerika ilikuwa ikiendelea, hata pale ilipokuwa imeharamishwa kwa mikataba. Mbu anayeeneza homa hizi huzaliana katika maji safi yaliyotulia, na mapipa ya maji ya kunywa katika merikebu ni makazi yaliyomfaa kabisa. Safari ingeweza kuchukua miezi, na ugonjwa ungeweza kuishi kwa kupita kutoka mtu hadi mbu na kutoka mbu hadi mtu hadi bandari ya mwisho. Kwa wanafunzi wa Kiswahili pendekezo hilo lina mvuto wa ziada: kwamba neno la pwani, likiwa midomoni mwa watu waliovuliwa kila kitu, lingeingia katika lugha zote za utabibu duniani. Vitabu vingi vya utabibu vimelirudia kama jambo lililothibitishwa.

Ushahidi, hata hivyo, hauruhusu uhakika huo. Mwaka 1998 mtafiti José Rigau-Pérez alionyesha kwamba neno *dengue* lilitumiwa kwa maana ya ugonjwa katika barua ya Malkia wa Hispania ya mwaka 1801, yaani zaidi ya miaka ishirini kabla ya mlipuko ambao wazee wa Unguja waliukumbuka. Tarehe hiyo haithibitishi kwamba maneno haya hayana uhusiano wowote, kwa kuwa Waswahili wangeweza kuwa na neno lao kabla ya 1823. Lakini inavunja mnyororo jinsi Christie alivyoupanga. Neno haliwezi kufika Havana mwaka 1828 kwa mara ya kwanza ikiwa lilikwisha kuandikwa Hispania mwaka 1801.

Kosa la Christie ni la kawaida katika etimolojia: kufanana kwa sauti kulichukuliwa kuwa kufanana kwa asili. Hata hivyo kosa lililo kubwa zaidi lilitokana na hatua nyingine, ambayo kila mtu aliipokea bila kuiuliza. Ikiwa *kidinga pepo* ni *dengue*, basi ugonjwa ni mmoja. Kwa karibu miaka mia moja hakuna aliyeshuku.

5.0 Newala, 1952

Shaka ilitoka upande wa kusini. Mwaka 1952 homa ya ghafla iliwakumba watu wa uwanda wa Makonde, katika Newala, Jimbo la Kusini la Tanganyika. Uwanda huo una shida kubwa ya maji. Watu walikuwa wakiteremka mabondeni kuyateka, wakapanda nayo mwendo mrefu, na kwa hiyo kila nyumba iliyahifadhi katika mitungi kwa siku kadhaa. Mbu aina ya *Aedes aegypti* hakuhitaji mto wala kinamasi, mtungi ulimtosha.

Wenyeji waliipa homa jina kwa lugha yao, Kimakonde, kwa kitenzi chenye maana ya kukunjamana, kwa sababu wagonjwa walikunjika kwa maumivu. Marion Robinson, aliyewatibu, na W. H. R. Lumsden, aliyechunguza namna ugonjwa ulivyoenea kijiji hadi kijiji, walichapisha taarifa zao mwaka 1955. Wakalihifadhi jina la wenyeji: *chikungunya*. Mwaka 1953 kirusi kilitengwa kutoka katika damu za wagonjwa, na ikabainika kwamba hakikuwa kirusi cha dengue. Kwa dalili za siku za kwanza magonjwa haya mawili hufanana kama pacha, hata Robinson mwenyewe aliona hivyo. Tofauti huonekana baadaye: chikungunya hukaa katika vifundo kwa majuma na miezi.

Tukio hili lina mafunzo mawili kwa mwanaisimu. Kwanza, vitabu na magazeti mengi huandika kwamba *chikungunya* ni neno la Kiswahili. Sivyo. Ni la Kimakonde, na kiambishi chake cha mwanzo kinalingana na *ki-* ya Kiswahili kwa kuwa lugha zote mbili ni za Kibantu. Pili, Wamakonde na Waswahili wa Unguja walitaja ugonjwa kwa mantiki ile ile: kiambishi cha ngeli hiyo hiyo, na mzizi unaotaja mwili unaokazwa au kukunjwa.

Mwaka 1971 Donald Carey alirudi kwenye maelezo ya Christie akiwa na maarifa ya Newala. Alisoma tena habari za vifundo vilivyovimba, maumivu yaliyodumu, na mlipuko uliowakumba watu wengi kwa ghafla. Hitimisho lake lilikuwa kwamba homa za Unguja za 1823 na 1870, na pengine ile ya Karibi ya 1827–28, zilikuwa chikungunya, na kwamba jina la dengue lilihamia baadaye kwenye ugonjwa mwingine. Mwaka 2015 Scott Halstead, mmoja wa wataalamu wakubwa wa dengue, aliiunga mkono hoja hiyo kuhusu Amerika. Damu za wagonjwa wa 1870 hazikuhifadhiwa, kwa hiyo hoja inasimama juu ya maelezo ya dalili peke yake. Lakini angalau kidokezo kilicho muhimu kuliko vyote, maumivu yanayodumu, kilikuwa kimesemwa na wagonjwa wa Unguja na kuandikwa na tabibu wao. Kilichokosekana ni msomaji.

6.0 Njia ya Zamani, Abiria Yule Yule

Katikati ya mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu 75 katika kila 100 waliambukizwa, yaani takriban watu 13,500. Mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa Mombasa. Mwanzoni mwa 2005 ilifika Ngazija, ambako zaidi ya nusu ya wakazi waliambukizwa. Kutoka Komoro ikaingia katika visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Katika Réunion, kati ya 2005 na 2006, zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua. Mwaka 2006 ikalipuka India, ambako wagonjwa waliodhaniwa kuwa nayo walipita milioni moja. Mwaka 2007 ikaonekana kaskazini ya Italia.

Pwani ya Waswahili, visiwa, kisha India: mpangilio huo ungemshangaza msomaji wa kawaida wa magazeti ya 2006, lakini usingemshangaza Christie. Mwishoni mwa 2013 chikungunya ilizuka pia katika kisiwa cha Saint Martin, katika Karibi, na kusambaa Amerika. Hapa tahadhari inahitajika tena, kwa kuwa kirusi cha Saint Martin kilikuwa cha ukoo wa Asia, tofauti na kile cha Lamu. Ulinganifu wa ramani haumaanishi kila mara umoja wa safari. Ni tahadhari ile ile inayohitajika kwa *dinga* na *dengue*.

Habari za Lamu zina jambo jingine la kuzingatiwa. Mlipuko ulitokea baada ya kipindi cha ukame usio wa kawaida. Watu wa pwani wamezoea kuambiwa kwamba mbu huja na mvua, na ushauri wa afya wa miongo mingi umejengwa juu ya mvua, madimbwi na majani marefu. Lakini mbu huyu huja pia na kiu. Visima vinapopungua, nyumba huhifadhi maji katika mapipa, mitungi na mabirika, na vyombo hivyo hukaa wazi au hubadilishwa maji mara chache. Newala mwaka 1952 na Lamu mwaka 2004 ni sehemu mbili zilizotofautiana kwa kila hali, na zilizolingana kwa jambo hilo moja.

7.0 Neno "Homa" na Ushauri Uliokosa Njia

Mwaka 2014, na tena kwa ukubwa zaidi mwaka 2019, dengue ilizuka Dar es Salaam. Katika mlipuko wa 2019 wagonjwa waliothibitishwa nchini Tanzania walizidi 6,000. Matangazo ya afya yalitumia "homa ya dengue", na mara kwa mara yaliongeza jina la zamani: kidingapopo. Hivyo neno ambalo huenda lilizaliwa kwa ajili ya chikungunya liliitwa kazini kuutaja ugonjwa ambao wataalamu waliutofautisha nao kwa shida.

Kurudi kwa neno hilo kulikuwa na faida. Liliwapa wasemaji jina la Kiswahili, na kuwaonyesha kwamba jambo hili si geni katika pwani yao. Lakini lilikuta mazingira ya kiisimu yaliyo magumu. Katika Kiswahili cha kila siku *homa* ni joto la mwili la aina yoyote, na mara nyingi ni malaria yenyewe. *Mbu* ni mbu, na mbu ni malaria. Mtu anayeambiwa kwamba kuna homa inayoletwa na mbu huwa amekwisha kujua la kufanya: atalala ndani ya chandarua, na akiugua atatafuta dawa ya malaria. Kumbe *Aedes* huuma mchana, huzaliana ndani ya nyumba na uani, na dawa ya malaria haina kazi yoyote juu ya virusi.

Kosa hapa lina gharama. Mgonjwa wa dengue hatakiwi kunywa aspirini, wala dawa kama vile ibuprofeni na diklofenaki, kwa kuwa zinaweza kuzidisha hatari ya kutokwa damu. Hupewa parasetamoli na maji ya kutosha, huku dalili za hatari zikiangaliwa. Mgonjwa wa chikungunya, baada ya kuhakikishwa kwamba hana dengue, anaweza kupewa dawa za jamii hiyo kwa ajili ya vifundo vyake. Jina moja kwa magonjwa mawili si suala la wanakamusi peke yao. Ni suala la kidonge gani mama atakinunua dukani usiku ili ampe mwanawe.

Pwani imewahi kuliona jambo hili kwa ugonjwa mwingine. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulichunguza *degedege*, jina la mtukutiko wa watoto wenye homa kali. Kwa tabibu, mtukutiko huo mara nyingi ulikuwa dalili ya malaria iliyokwisha kuwa kali. Kwa wazazi wengi, degedege ilikuwa ugonjwa wa peke yake, wenye chanzo chake na waganga wake. Matangazo yaliyosema "mpeleke mtoto mwenye malaria hospitali" yalikuwa ya kweli, na yaliwapita wazazi hao kando, kwa kuwa mtoto wao, kwa lugha waliyoitumia, hakuwa na malaria. Kilichohitajika ni sentensi iliyotaja degedege kwa jina lake na kuiunganisha na malaria.

Istilahi zilizotungwa rasmi hukutana na swali hilo hilo. UKIMWI, ufupisho wa Upungufu wa Kinga Mwilini, ulifaulu kwa sababu ulieleza jambo na ulitamkika. Ulichukua nafasi ya *Juliana*, jina la mitaani lililotumika Kagera katika miaka ya mwanzo ya 1980. UVIKO-19 lilitungwa kwa njia hiyo hiyo, na likashindana na *korona* ambalo watu walikwisha kulizoea. Kinyume chake, *barakoa*, kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani na wa Ghuba, halikuhitaji kutungwa mwaka 2020. Lilikuwapo, na wasemaji wakalipa kazi mpya. Vivyo hivyo *chanjo* limetokana na kuchanja ngozi, tendo lililojulikana kabla ya bomba la sindano. Maneno haya yanaeleweka upesi kwa sababu yanaanzia kwenye kitu ambacho msikilizaji amekwisha kukiona.

8.0 Hitimisho

Wazee wa Unguja walioulizwa mwaka 1870 walitoa mambo matatu: jina, tarehe na dalili. Jina liliwavutia wasomi kuliko mengine. Lilifuatwa hadi Havana, likafungwa na neno ambalo pengine halikuwa ndugu yake, na likaandikwa katika vitabu kama hadithi nzuri ya asili. Tarehe ilikubaliwa. Dalili, yaani maumivu yaliyokaa katika vifundo baada ya homa kuondoka, ilisubiri miaka mia moja hadi alipotokea mtu wa kuiuliza inasema nini.

Kazi inayowangoja wanafunzi wa Kiswahili ni ya pande mbili. Upande wa kwanza ni wa kihistoria. Majina ya maradhi katika lahaja za pwani, katika Kingazija, Kimakonde na lugha nyingine jirani, yakusanywe pamoja na maelezo ya wasemaji juu ya dalili, majira na njia, kabla hayajageuka kuwa maneno matupu kama pepo alivyogeuka popo. Upande wa pili ni wa leo. Anayeandika tangazo la afya huwa anatunga kamusi, apende asipende. Akiandika *homa* bila kusema homa gani, msomaji atamalizia mwenyewe. Akiandika *mbu* bila kusema mbu wa mchana na wa mtungini, chandarua kitafungwa usiku na mtungi utabaki wazi.

Katika mitaa ya Dar es Salaam, ambako maji ya bomba hukatika, mapipa bado yamesimama uani. Tangazo litakalomfaa mwenye pipa ni lile litakalomwambia alifunike, alisugue kuta zake kila juma ili mayai ya mbu yatoke, na kwamba adui huyo huuma mchana. Na lisilomwambia kwamba amekosa kwa kuhifadhi maji.